Nungunungu Waliokwenda Kwenye Bakuli

Usiku wa kuamkia Jumapili, Mwalimu Perpetua Semkiwa wa Muheza alilala akiwa ameinunia simu yake, na kabla hajageukia upande wa pili akajikuta yuko Marekani.

Hakupanda ndege. Alifungua tu mlango wa jikoni kwenda uani kumwaga maji ya kuoshea mchele, na pale palipokuwa na banda la kuku pakawa na uwanja wa michezo wenye majukwaa marefu kama vilima vya Amani. Jua lilikuwa la saa sita mchana. Watu wengi sana walikuwa wamejipaka rangi ya zambarau usoni, na walipomwona na sufuria lake mkononi wakasogea kumpisha, kana kwamba alichelewa kidogo lakini si sana.

Mwalimu Perpetua alikuwa mstaafu. Alifundisha michezo katika shule za msingi na kuchezesha netiboli hadi ngazi ya mkoa, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na uwanja. Akamwaga maji yake pembeni, akauliza hapa ni kwa nani.

"Hapa ni kwa Nungunungu," akajibu nungunungu.

Alikuwa mnyama mkubwa kama kabati la nguo, amevaa fulana ya zambarau iliyotobolewa na miiba yake mwenyewe. Akajitambulisha kuwa ndiye nembo ya timu ya Chuo cha Larkmoor, na kwamba tangu ashike kazi hiyo hajawahi kukumbatiwa na mtu. Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Jina la Larkmoor Mwalimu Perpetua alilijua vizuri. Ndiko alikokuwa mwanawe Kilua, katika jimbo lenye mahindi mengi kuliko watu. Kilua alikwenda kusomea umwagiliaji. Siku moja kocha mmoja akamwona anauchezea mpira peke yake nyuma ya bweni, akaupenda mguu wake wa kushoto, na kufumba na kufumbua kijana wa watu yumo katika timu ya mpira wa Kimarekani, mpira uliokaa kama papai changa.

Kazi yake katika timu ilikuwa moja tu. Anakaa kwenye benchi na blanketi mabegani. Wenzake wakikwama, anaitwa, anaupiga mpira upite kati ya milingoti, anarudi kukaa. Ukipita, watu wote wanamrukia. Usipopita, anarudi peke yake.

Msimu huu mpira haukuwa unapita. Ulikuwa unagonga mlingoti wa kulia. Mwanzoni Kilua alikuwa akipiga simu kila Jumapili kusimulia, na mama yake akiitikia eeh, eeh, ingawa nusu ya maneno yalimpita. Baadaye simu zikawa ujumbe. Ujumbe nao ukafupika mpaka ukabaki mstari mmoja, Jumapili hadi Jumapili: Niko sawa mama. Wiki hii tu ndipo ulipoongezeka mstari wa pili, kwamba Jumamosi ni mechi ya mwisho, na asipofunga atatundika daluga na pengine atarudi nyumbani. Mwalimu Perpetua alipopiga simu, haikupokelewa. Ndiyo maana alilala amenuna.

Sasa akamuuliza nungunungu Kilua yuko wapi. Nungunungu akamwambia atulie, msimu ndiyo kwanza unaanza, akae hapo kwenye kiti cha wazazi. Kiti cha wazazi kilikuwa dawati la darasa la tatu. Akajibana, akakaa.

Mbele yake yuko mzee Mkomwa, yule muuza vitambaa wa sokoni Muheza. Amevaa kanzu na rula ndefu ya mbao iko kwapani. Anaubeba uwanja wote begani kama jora la kitambaa cha kijani, anauweka chini, anausukuma kwa mguu, nao unajikunjua mpaka mwisho wa macho.

Mzee Mkomwa alimweleza kwamba uwanja huu hutolewa kwa yadi. Kila timu inapewa yadi kumi, na majaribio manne ya kuzifikia. Ikizifikia, anakata nyingine kumi. Ikishindwa, anakunja kitambaa na kuwapa wale wengine. Mwalimu Perpetua akasema hilo ameshaambiwa na mwanawe kwa simu, ila hakuelewa kama ni kitambaa kweli. Mzee Mkomwa akamtazama kwa huruma, akamuuliza sasa yadi nyingine ni zipi.

Majaribio yenyewe walikuwa watu. Jaribio la Kwanza, la Pili na la Tatu walikuwa vijana wachangamfu waliofanana, wamevaa raba. Jaribio la Nne alikuwa mama wa makamo mwenye koti zito na mkoba, amekaa pembeni peke yake, haongei na mtu. Kila alipojikohoza, jukwaa zima lilinyamaza.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu iitwayo Ngurumo, na walikuwa ngurumo. Walisikika muda mrefu kabla hawajafika. Wachezaji wa Larkmoor, vijana wakubwa wenye mabega ya kuongezewa, walisimama wamejipanga wakitazama juu kama watu wanaosubiri mvua. Kisha panang'aa, na mwenye mpira anajikuta amekumbatiwa na watu sita chini.

Hilo la kukumbatiana ndilo lililomgusa Mwalimu Perpetua. Kilua hakuwahi kumwambia kuwa mchezo wenyewe ni huo, kwamba mtu akipewa mpira watu wote wanamkimbilia kumkumbatia, naye anakimbia kwa aibu. Akaona ni watu wenye upendo, ila hawajui kuuonyesha polepole.

Pembeni alikuwepo kocha, baba mnene aliyevaa visikilizio masikioni. Alizungumza kwa visikilizio tu, hata na aliyesimama naye. Mwalimu Perpetua alipomsalimia hakusikia. Akavua kiatu cha kushoto, akakiweka sikioni, akasalimia tena, na hapo kocha akaitikia vizuri sana na kumuuliza habari za Muheza. Akamjulisha kwamba Jaribio la Nne anajiandaa kuinuka, na akiinuka, kijana wake ataitwa.

Jaribio la Nne akainuka, akafunga vifungo vya koti. Kilua akatoka kwenye benchi.

Mama mtu alimjua kwa mwendo. Lakini kichwa kilikuwa ndani ya kofia ngumu ya zambarau yenye vyuma mbele, na ndani ya vyuma palikuwa giza. Akamkimbilia, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Kilua, baba, umekula?"

"Yuko sawa," ikasema kofia.

"Sikukuuliza wewe."

"Mimi ndiye ninayejibu," ikasema kofia kwa adabu. "Amenikabidhi kazi hiyo. Anasema yuko sawa, amekula, analala, masomo ni mazuri, baridi si kali. Ukiwa na swali lolote, jibu ni hilohilo."

Mwalimu Perpetua alitaka kuivuta kofia, ila ilikuwa imeshageuka. Kilua akarudi nyuma hatua chache, akaja, akapiga. Mpira ukapaa vizuri tu, ukanyooka, ukafika kwenye mlingoti wa kulia, ukasema ngo. Ukakaa kidogo hewani kama unasikiliza kitu. Kisha ukainamisha kichwa na kurudi ulikotoka.

Pundamilia wakapunga mikono kuwa haukuingia. Hao ndio waliokuwa waamuzi, pundamilia wa kawaida waliosimama kwa miguu miwili, na vitambaa vya njano vimechomekwa kwenye mikanda. Ngurumo wakaondoka, na muda mrefu baada ya wao kuondoka bado walisikika wakishangilia.

Kilua akarudi kwenye benchi peke yake. Blanketi likamfunika lenyewe.

Mwalimu Perpetua alipoinuka kwenda kumtazama, dawati lake likawa katikati ya madawati mengine. Yuko ndani ya darasa la tano B, shule yake ya mwisho kufundisha, na ubaoni pameandikwa kwa chaki kuwa leo ni mechi ya pili. Mzee Mkomwa alikuwa anaukunjua uwanja kutoka mlangoni kuelekea kwenye kabati la vitabu. Pale haukuenea, ukapitishwa dirishani. Milingoti iliwekwa nje, karibu na choo cha wavulana.

Wapinzani walikuwa Wakwe.

Waliingia kwa mstari, akina mama na akina baba wa heshima, wamevaa vizuri, wengine na miavuli. Hapakuwa na mchezaji wa Larkmoor aliyekuwa na mke, lakini wote mara moja walijua kuwa hao ni wakwe zao. Vijana wale wakubwa wakavua kofia ngumu, wakainamisha vichwa, wakapokea mikoba. Mama mmoja mkwe, mfupi, alipewa mpira. Akauweka kwapani, akatembea taratibu katikati yao mpaka mwisho wa uwanja, huku akiuliza mmoja mmoja habari za nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipofika akauweka chini, akahesabiwa pointi, akasema amechoka, akaletewa kiti.

Kocha alipiga kelele kwenye visikilizio kwamba wamkumbatie, wamkumbatie. Beki mmoja akalia. Alisema kwa sauti ya chini kuwa yeye amelelewa.

Hata hivyo Wakwe, kwa kuwa ni watu wa heshima, walipoona vijana hawapati kitu waliwaachia yadi nyingi kwa makusudi, mpaka mambo yakakaribia kulingana. Saa ya uwanjani, iliyokuwa saa ya ukutani yenye miguu myembamba, ilisimama. Katika mchezo huo saa husimama mara kwa mara, Kilua aliwahi kusema hivyo. Hii iliposimama ilitafuta kiti, ikakaa, ikajinyoosha. Jaribio la Nne akainuka.

Akapiga tena. Mpira ukapaa juu ya bati la choo, ukafika mlingoti wa kulia, na safari hii Mwalimu Perpetua, kwa kuwa dirisha lilikuwa karibu, akasikia vizuri kilichosemwa.

"Hodi," ukasema mpira.

Kimya.

"Hodi hapa."

Milingoti ikatazamana. Mpira ukasubiri kidogo, ukashusha pumzi, ukarudi. Ulipopita dirishani Mwalimu Perpetua akaudaka kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiidaka mipira ya netiboli iliyotoka nje, akauketisha juu ya dawati.

"Kwa nini huingii?" akauuliza.

"Nimepiga hodi, Mwalimu. Hakuna aliyeitikia."

"Pale si nyumbani kwa mtu. Ni goli."

"Kuna miimo miwili na kizingiti," ukasema mpira. "Huo ni mlango. Kwamba umewekwa juu, hilo ni lao. Mimi siwezi kuingia kwa watu bila kukaribishwa."

Mwalimu Perpetua akataka kujua nani aliyeufundisha adabu hiyo, maana mipira ya wenzake Kilua inapita tu bila kuuliza. Mpira ukasema umefundishwa na huyohuyo anayeupiga. Kila anapouweka chini, kabla hajarudi nyuma, huwa anauambia kimoyomoyo: usiingie kwa watu kama mwizi. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya nyumbani kwake, aliyomwambia Kilua tangu akiwa na kaptula yenye viraka, na alimwambia kwa nia njema.

"Na yeye mwenyewe ni hivyohivyo," mpira ukaendelea. "Jioni wenzake wanakaa chumba cha mwisho wa korido, wanacheka. Mlango uko wazi. Anakwenda, anagonga kwa kidole kimoja, anangoja waseme neno. Kule hawana hilo neno. Ukiona mlango wazi unaingia tu, unajitupa kwenye kochi. Yeye hajui. Anasimama, anarudi chumbani kwake, anakuandikia kuwa yuko sawa."

Mwalimu Perpetua akauliza kama hilo limetokea mara nyingi. Mpira ukatazama pembeni, ukasema wao mipira hawapendi kusengenya.

Akauambia mara nyingine ukifika, ataitikia yeye. Mpira ukafurahi, ila ukaonya kuwa umebaki mlango mmoja tu msimu huu.

Alipoinua macho paa la darasa halikuwepo. Kunanyesha theluji, na kwa kuwa Mwalimu Perpetua hakuwahi kuiona theluji, ilikuwa sembe. Inashuka taratibu, inatua mabegani mwa watu, na jukwaani akina mama wa zambarau wanaikinga kwa ungo. Hii ndiyo mechi ya mwisho.

Nungunungu alikuja kumkalisha mahali pazuri na kumweleza kilichopo mezani. Kilichopo mezani kilikuwa bakuli. Kilua alikuwa amemwambia zamani kuwa timu ikishinda vya kutosha inakwenda kwenye Bakuli, naye akadhani ni jina la mji. Kumbe ni bakuli la bati lenye ukingo wa bluu, kubwa kama tangi la maji, limejaa supu inayofuka, na ngazi imeegemezwa ubavuni. Watakaoshinda leo wataingia. Watakaoshindwa watakwenda makwao wakiwa na baridi.

Wapinzani wa mwisho walikuwa Maaskofu. Walivaa kofia ndefu na majoho, na walikuwa na mbio kuliko mtu angefikiria. Kila mchezaji wa Larkmoor alipomfikia askofu kumkumbatia, askofu alimwekea mkono kichwani na kumbariki, na mchezaji yule alijisikia amani kubwa, akalala palepale kwenye sembe. Uwanja ukajaa vijana waliolala kwa amani. Kocha mwenyewe alibarikiwa kwa bahati mbaya, akawa anatabasamu.

Waliobaki macho walikuwa wachache, lakini walisogea. Mzee Mkomwa alikata yadi kumi, akakata nyingine, mkasi unasikika mpaka jukwaani. Maaskofu walikuwa mbele kwa pointi mbili tu, na mpira ukipita kati ya milingoti unahesabiwa tatu. Saa ikakimbia, ikachoka, ikasimama, ikakaa. Jaribio la Nne akaweka mkoba wake chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akavaa miwani.

Kilua akainuka. Kofia yake ikatangaza kwa watu wote kwamba yuko sawa.

Mwalimu Perpetua hakumsubiri afike. Alishapita nyuma ya pundamilia, akakatisha uwanja kwenye sembe mpaka nyuma ya milingoti, akasimama katikati yake akitazama juu. Mlingoti wa kulia ukamsalimia. Ukamwambia umegongwa msimu mzima na haulalamiki, kwa kuwa huyo kijana hugonga kwa heshima. Ungependa kumjibu, ila wao ni miimo tu, na mwimo haukaribishi mtu.

Hapo kitambaa cha njano kikatua miguuni pake.

Pundamilia mkuu alikuja anatembea kwa haraka ya kiofisi. Akaeleza kosa: mtazamaji amekusudia kukaribisha. Mwenye haki ya kukaribisha ni mwenyeji, na mwenyeji ni aliye ndani.

Mwalimu Perpetua alikuwa amechezesha mechi nyingi, na alijua mwamuzi hapigiwi kelele. Akamwomba amwoneshe ndani ni wapi, kwa kuwa yeye haoni ukuta wala paa. Pundamilia akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakiri kwamba hajui. Yeye aliajiriwa kwa sababu ya mistari yake.

"Ila lazima pawe na ndani," akasema. "Bila ndani, hakuna mgeni. Bila mgeni, hakuna karibu. Mpira utarudi."

Kilua alikuwa ameshauweka mpira chini. Alionekana mdogo kwa mbali, kama alivyokuwa akionekana langoni siku za kwenda shule ya bweni, ila sasa ana kichwa kikubwa cha zambarau. Mwalimu Perpetua akafikiri. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua vyote viwili, akavipanga pamoja vizuri chini ya milingoti, ncha zikitazama nje. Akarudi nyuma akasimama miguu mitupu kwenye sembe, na sembe ile ilikuwa ya baridi ajabu.

Pundamilia akavitazama viatu. Akawaita wenzake, wote wakaja, wakavizunguka, wakainama. Walikaa hivyo muda mrefu. Saa ikapiga miayo.

"Amevua viatu," akasema mkuu hatimaye, akiinuka na kujikung'uta magoti. "Basi hapo ni ndani."

Akakiokota kitambaa chake.

Kilua anarudi nyuma. Anasimama. Anakuja. Mguu wa kushoto unapiga, na sauti yake inamfikia Mwalimu Perpetua baadaye kidogo, kama ya mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Mpira unapaa kwenye sembe, unazunguka, unapotea, unaonekana tena. Maaskofu wote wamenyoosha mikono juu. Unakuja. Unaelekea kulia, kama kawaida yake.

Ngo.

Ukatua juu ya kizingiti, ukajisawazisha, ukakaa hapo.

"Hodi," ukasema.

Mwalimu Perpetua akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Alijua ingekuwa hivyo. Alivuta pumzi kama ya kupuliza filimbi, akajaza kifua, akakaza shingo, hakuna kitu. Watu wote walikuwa wanamtazama. Nungunungu alijifunika macho. Mpira ukasema hodi tena, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kugeuka.

Ndipo akaacha kukaza. Hakuna mtu anayemkaribisha mgeni kwa kupuliza filimbi. Akashusha mabega, akajifuta mikono kwenye kanga kana kwamba ametoka jikoni, akasema kwa sauti ileile anayoitumia kila siku akiwa na jirani mlangoni.

"Karibu ndani."

"Nimeshakaribia," ukasema mpira, na ukaingia.

Yaliyofuata yalikuwa makumbatio tupu. Vijana waliolala wakaamka, wakamrukia Kilua, Wakwe wakashuka jukwaani na miavuli yao, hata Maaskofu wakakumbatia waliokuwa karibu. Jaribio la Nne alivua koti, na chini yake alikuwa amevaa gauni la maua. Beki yule aliyelelewa alimwendea nungunungu, akamtazama juu na chini, akatafuta mahali pasipo na mwiba, akapakosa, akamkumbatia hivyohivyo. Nungunungu akasema ahsante. Beki akasema si kitu, ingawa alikuwa anavuja kidogo.

Katikati ya msongamano kofia ya zambarau ilipanda juu, ikatolewa, ikawekwa kando. Ilikuwa inaendelea kusema kwamba yuko sawa, lakini hakuna aliyeisikiliza. Kilua alikuwa amekonda, na nywele zilitaka kukatwa. Akaja mpaka kwenye milingoti. Alipofika kwenye viatu vya mama yake akasimama, akainama, akaanza kuvua vya kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," akasema Mwalimu Perpetua. "Mbona umekonda?"

Kilua alifungua kinywa amjibu, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwalimu Perpetua akafumbua macho. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani ameshawika na kunyamaza, na mdogo wake Agripina, ambaye wanaishi pamoja tangu wote wabaki wajane, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba na ufagio mkononi.

"Nimekuja," akasema Agripina.

Mwalimu Perpetua akamuuliza amekuja kufanya nini.

"Umesema karibu ndani. Nilikuwa nafagia ukumbi. Nikasema labda dada anaumwa."

Papo hapo simu ikaita chini ya mto. Ilikuwa ya Kilua, na ilikuwa simu ya kweli, siyo ujumbe. Mwanzoni zilisikika kelele tu, vijana wanaimba kitu, mlango unagongwagongwa, mtu anacheka kicheko cha kukohoa. Kisha shikamoo yake. Aliongea mfululizo bila kupumua. Wameshinda. Yeye ndiye aliyefunga, dakika za mwisho, kwenye theluji. Mpira uligonga mlingoti wa kulia kama siku zote, ukaanguka kwenye ule mti wa chini unaounganisha milingoti, ukakaa pale watu wote wakadhani umekufa, halafu ukadondokea ndani. Kocha anasema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe. Wanakwenda kwenye Bakuli.

Mwalimu Perpetua akasema eeh, eeh. Akamuuliza yuko wapi, mbona kelele. Kilua akasema yuko chumba cha wenzake, kile cha mwisho wa korido, wamekuja wakambeba mzimamzima na kumtupa kwenye kochi. Hajarudi kwake tangu mechi iishe.

"Umekula?"

"Jana sikula kabisa, mama. Na juzi sikula vizuri. Nilikuwa sipo sawa muda mrefu, sikutaka tu kukuhangaisha." Akacheka. "Leo nimekula sana mpaka naogopa."

Akamwambia ale zaidi, na akate nywele. Kilua akauliza amejuaje kuhusu nywele. Mama yake akasema watoto wa kiume wote ni hivyohivyo.

Hakumsimulia ndoto. Ilikuwa furaha yake, hakutaka kuichanganya. Akamwacha aendelee kusimulia habari za mechi, na baada ya mechi akasimulia habari za kochi, kwamba limeharibika, limejaa takataka za uwanjani ambazo kila mtu amelimwagia. Mama yake akamuuliza takataka gani. Kilua akaeleza kwamba uwanja wao si wa nyasi za kweli, ni za plastiki, na katikati ya nyasi humwagwa punje nyeusi za mpira wa tairi, ndogo kama pilipili manga iliyopondwa kidogo. Ukicheza siku moja tu zinakuganda miguuni, unakwenda nazo mpaka kitandani. Huku nyumbani hakuna kitu kama hicho, mama, hata nikieleza vipi huwezi kuzijua.

"Eeh," akasema Mwalimu Perpetua.

Agripina alikuwa ameshaanza kukunja blanketi ili atandike. Akasita upande wa miguuni. Akainama, akapapasa shuka kwa kiganja, akaokota kitu kidogo cheusi kwa ncha za vidole, akakinusa, akakisugua.

"Dada," akasema, "miguu yako umeipitisha wapi?"